Mwaka Mama Alipofungua Mikono

Mama hakunishika kiganja. Alinishika kifundo cha mkono. Watoto wengine wa landi walishikwa viganja wakipelekwa sokoni, na wengine hawakushikwa kabisa, walitangulia mbele wakirushiana maganda ya miwa. Mimi nilibanwa kifundo kuanzia mlangoni hadi sokoni na kurudi, na tukifika nyumbani alama za vidole vyake zilikuwa bado zinaonekana. Nilipolalamika aliniambia kwamba kiganja huteleza.

Kwa hiyo nilikua nimenuna. Nasema hivi mapema ili msije mkadhani nilikuwa mtoto mtulivu wa kupendeza. Nilikuwa na mdomo, na sehemu kubwa ya mdomo huo ilitokana na kubanwa.

Landi ndizo zilikuwa nyumba za wafanyakazi wa reli pale Nakuru, safu ndefu za vyumba vilivyoshikana, mfereji mmoja wa maji kwa safu nzima, na mwishoni kabisa jalala la majivu na maganda. Baba alifanya kazi yadi, kazi yake kugeuza reli ili mabehewa yaingie njia inayotakiwa. Asili yetu ni magharibi, kule unakofika kwa kupanda treni na kulala ndani yake. Mimi nilizaliwa pale pale landi. Januari, ziwa likikauka, upepo ulileta vumbi jeupe la magadi likaingia kwenye uji, kwenye nywele, kwenye shuka zilizoanikwa, na wanawake walifua upya huku wakilisema ziwa kama wanavyomsema jirani mkorofi. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Baadhi ya majirani zetu walikuwa wamepakiwa na askari wa mkoloni kwenye malori na hawakurudi, na watu wazima walizoea kunyamaza tukiingia chumbani. Mtu yeyote angeweza kuwa na woga. Lakini woga wa mama ulikuwa na sababu yake peke yake.

Baada yangu walizaliwa wavulana wawili, na wote wawili walikufa kabla ya kujua kukaa. Nilimkumbuka wa pili vizuri. Alikuwa na tabia ya kushika sikio langu. Alipozikwa, mama alirudi nyumbani akanishika kifundo, na kwa kweli sidhani kama aliniachilia tena hadi mwaka huu ninaousimulia.

Kanisa letu lilikuwa la mabati, lilijengwa nyuma ya safu ya mwisho, na lilikuwa na desturi moja ya asubuhi ya mwaka mpya ambayo sijaiona kwingine. Baada ya mahubiri, kila aliyetaka alisimama, akataja jambo moja analoliweka mikononi mwa Mungu mwaka ule, kisha akafungua mikono yake miwili mbele yake, viganja juu, wote wakaona kwamba haina kitu. Ukishafungua umeshaweka. Mwinjilisti wetu, mtu wa Ukambani mwenye baiskeli na sauti kubwa kuliko kifua chake, alikuwa mkali sana kwa jambo hilo. Alisema mtu akiweka kitu kwa Mungu halafu akakishika tena kwa upande wa pili, hajaweka, anamdanganya Mungu mchana kweupe.

Watu waliweka mambo ya kawaida. Mmoja aliweka miguu yake inayovimba. Mwingine aliweka mume wake, na mume akiwa amekaa pale pale akajikuna kichwa. Baba aliweka kazi yake, kama kila mwaka. Halafu mama akasimama.

Mama hakuwa mtu wa kusimama. Alivaa sweta zito la kijani, na joto lile la Januari lilikuwa linatutoa jasho sote, nami nilikuwa nimemuuliza tangu asubuhi kwa nini amevaa sweta akaniambia nitazame mbele.

"Mimi niko mzito," alisema.

Sijui nieleze vipi kishindo cha maneno hayo matatu. Kwetu mimba haikutangazwa. Ilifichwa hadi isifichike, na hata ikionekana watu walijifanya hawaoni. Ukiitaja umeiita mauti ije kusikiliza. Nguo ya mtoto haikushonwa, jina halikutafutwa, na mwanamke aliyezika wawili alipaswa kuficha mara mbili zaidi. Mwanamke aliyekaa mbele yetu alifunika uso kwa leso. Baba alitazama viatu vyake.

"Wale wengine niliwaficha," mama aliendelea. "Nilifunga mdomo, nilifunga mlango, nilifunga kila kitu. Na walienda. Huyu sifichi. Huyu naweka kwa Mungu mbele yenu nyote, na mwaka huu sitaki kuogopa."

Akafungua mikono. Ilikuwa inatetemeka hadi nikaona aibu, kisha nikaona fahari, kisha nikataka kulia, yote kwa wakati mmoja. Kisha akakaa, na mkono uliofunguliwa mbele ya Mungu ukashuka moja kwa moja hadi kwenye kifundo changu ukabana.

Nilimnong'oneza, "Mama, umeshika tena."

Alinifinya.

Basi hilo ndilo lililokuwa swali la mwaka mzima nyumbani kwetu. Kuweka alikuwa ameweka, watu wote walikuwa mashahidi. Je, angeweza kuachilia?

Alijaribu, Mungu ni shahidi. Alivua sweta. Alianza kufuma kofia ndogo ya sufu nyeupe akiwa amekaa mlangoni, hadharani, na majirani wakipita walitazama kwingine kana kwamba amekaa uchi. Mtu akimuuliza hali alijibu, "Nilishaweka," na kuendelea kufuma. Mvua za masika zilipokuja vumbi likalala, vilima vya Dundori vikawa kijani, na tumbo lake likawa kubwa hadi hata wale waliojifanya hawaoni walichoka kujifanya. Lakini niliona jinsi alivyosimama ghafla katikati ya kuchuja uji, mkono tumboni, akisikiliza. Niliona midomo yake ikisema lile neno moja bila sauti. Nilishaweka. Nilishaweka. Alilisema kama mtu anayesukuma mlango ambao kuna mtu upande wa pili anausukuma pia.

Nyanya, mamaye baba, alifika kwa treni mtoto akiwa karibu, akiwa na kikapu, na ndani ya kikapu kuku jike mwekundu. Habari za kanisani zilikuwa zimemfikia kule kule magharibi. Alishuka jukwaani hajasalimia.

"Nasikia wewe umepiga mbiu," alimwambia mama.

"Niliomba, mama."

"Uliomba kwa kipaza sauti."

Nilimpenda nyanya papo hapo. Alikuwa mtu mfupi, amenyooka, na alisema kila alichokiona. Alimkagua mama, akakagua ile kofia ya sufu, akaigeuza ndani nje, akasema tu kwamba ni ndogo mno, kichwa cha ukoo wetu ni kikubwa. Kisha akakaa akaifumua akaanza upya.

Mtoto alizaliwa asubuhi, mvua ikinyesha, mikononi mwa nyanya mwenyewe. Mvulana. Baba aliporudi kutoka yadi alisimama mlangoni akilowa badala ya kuingia, na ilibidi nyanya amwite mara mbili.

Ningependa kusema kwamba hapo ndipo mama alipotulia. Ndipo alipovurugika kabisa. Alimshika yule mtoto asimwachie mtu. Nyanya akitaka kumwogesha, mama alishika kichwa. Mimi nikiomba kumpakata niliambiwa mikono yangu ni baridi. Baba aliruhusiwa kutazama. Mama alikula kwa mkono mmoja, na usingizi wake ulikuwa wa kukaa, mgongo ukutani, mtoto amebanwa kifuani akipumua kwa taabu. Haikuchukua muda maziwa yakaanza kupungua. Mtoto alilia, akachoka kulia, na uso wake ukaanza kupata ile sura ya kizee ambayo niliikumbuka kwa yule aliyekuwa akishika sikio langu. Sote tuliiona. Hakuna aliyesema.

Nyanya ndiye aliyesema.

"Kesho asubuhi huyu anaenda jalalani."

Lazima nieleze, maana wajukuu wangu nikiwasimulia hapa huacha midomo wazi. Kwetu, mwanamke akizika watoto, anayefuata hutupwa. Hatupwi kweli. Mama yake humbeba hadi jalalani au njiani, humweka chini, hugeuka na kwenda zake bila kutazama nyuma, kama mtu aliyetupa takataka. Nyuma anakuja mwanamke mwingine aliyepangwa. Humkuta, huuliza kwa sauti mtoto huyu ni wa nani, hakuna anayejibu, basi humwokota akasema, "Nimemwokota, ni wangu." Humleta nyumbani kwa mama yake, hupewa kitu, kuku kwa kawaida, na mtoto hurudishwa kama mgeni, na jina lake huwa la kuokotwa. Mauti ikija kumtafuta mtoto wa nyumba ile humkosa, maana wa pale alishatupwa.

Mama alikataa. "Mimi nilimweka kwa Mungu. Nikimpeleka jalalani nimekana nilichosema."

"Ulimweka?" Nyanya alikuwa anachambua mchicha, hakuinua kichwa. "Mbona mimi namwona hapo kifuani? Mimi sikusoma, lakini sijawahi kuona kitu kimewekwa chini na bado kimeshikwa. Mwanangu, wewe ulisema mbele ya watu. Sasa fanya. Kama ni wa Mungu, Mungu atamwokota. Kama hutaki kuita mila, usiite. Lakini weka chini mtoto, kabla hujamuua kwa kumshika."

Nilifikiri mama atamfukuza. Mama alilia tu, bila sauti, machozi yakiingia kwenye nywele za mtoto.

Asubuhi yake mvua ilikuwa imekatika. Mwanamke aliyepangwa kuokota alikuwa jirani yetu wa mlango wa tatu, mtu wa kwetu, aliyezaa sana na asiyepoteza hata mmoja, ndiyo maana alichaguliwa. Angepita jalalani mara tu mama akigeuka. Nyanya na mimi tulisimama kwenye kona ya safu, mahali tunapoona bila kuonekana.

Mama alitembea peke yake. Alimweka mtoto kwenye ukingo wa jalala, juu ya leso iliyokunjwa, amevaa kofia yake. Alikaa amechuchumaa hapo hadi nikasikia nyanya akinong'ona, "Inuka, mwanangu, inuka." Akainuka. Akafungua mikono yake miwili, viganja juu, kama kanisani, ingawa hilo halikuwemo katika mila. Kisha akageuka akaja kwetu. Uso wake sitausahau. Mtoto alianza kulia nyuma yake, naye akaendelea kutembea.

Jirani hakutokea.

Baadaye tulijua kwamba alikuwa amesimama mferejini akisikiliza habari za harusi. Pale konani hatukujua. Mtoto alilia. Mama alisimama amempa mtoto mgongo, macho amefumba, midomo ikisema lile neno lake. Nyanya, aliyekuwa na jibu kwa kila jambo duniani, aliuma kidole. Mila haikuwa na sehemu ya kumrudia mtoto mwenyewe.

Ndipo tukasikia kengele ya baiskeli.

Mwinjilisti alikuwa anapita njia ya mkato kwenda kumwona mgonjwa. Mtu wa Ukambani, hakujua lolote kuhusu mila hii. Aliona kofia nyeupe jalalani, akaiacha baiskeli ianguke ikaanguka na Biblia yake, akakimbia.

"Nani ametupa mtoto?" Sauti ile kubwa ilizunguka landi nzima. "Hii mtoto ni ya nani? Nauliza! Ni ya nani?"

Milango ilifunguka. Wanawake wa kwetu walitoka, wakaelewa, wakafunika midomo. Wanawake wa makabila mengine walitoka, hawakuelewa, wakapiga mayowe. Hakuna aliyejibu, kwa sababu mila inasema asijibu mtu. Mwinjilisti alimwinua mtoto akamfungia ndani ya koti lake, na yule mtoto, baada ya siku zote zile za kulia, akanyamaza.

"Haya," alisema. "Kama hakuna mwenyewe, mimi nimemwokota. Ni wangu. Mungu ameniona."

Nyanya aliachia pumzi kana kwamba alikuwa ameishika tangu asubuhi. "Sikia," alisema. "Amemaliza yote, hata moja hajakosea."

Kilichofuata kilikuwa kichekesho, na nimekichekea miaka yote hii. Mwinjilisti aliongozwa hadi mlangoni kwetu na umati, akitaka kujua mwenye kosa. Alipomwona mama alisimama akapepesa macho. "Lakini huyu ni yule tuliyemwombea!" Nyanya akamwekea kuku mwekundu mbele yake. Alielezewa kwa Kiswahili cha watu watano wanaosema pamoja. Alianza kukemea, akafika katikati ya sentensi, akamtazama mtoto aliyelala ndani ya koti lake. Akauliza, taratibu kidogo, "Kwa hiyo wewe mama, ulimweka chini ukaenda?"

"Nilimweka, Mwalimu."

"Bila kujua ni nani atakuja?"

"Nilijua atakuja jirani. Hakuja." Mama alifuta uso. "Nikabaki na Mungu tu."

Mwinjilisti alikaa kwenye kigoda chetu. Hakukemea tena. Alisema hataki kuku, yeye hauzi watu. Nyanya akamwambia asipochukua kuku basi mtoto ni wake, amlee, amnyonyeshe. Alimtazama mtoto, akamtazama kuku, akamchukua kuku. Jirani wa mlango wa tatu alifika wakati huo akihema na debe lake la maji, akakuta kazi imeshafanywa na kuku ameshafungwa kwenye baiskeli, na akanuna kama mtu aliyenyang'anywa.

Mama alilala mchana ule. Alilala chali, mikono imetupwa huku na huku, na mwinjilisti alikaa na mtoto hadi alipoamka. Mgonjwa aliyekuwa akienda kumwona alisubiri hadi jioni. Kidogo kidogo maziwa yalirudi. Mtoto alipewa jina la kuokotwa, akabatizwa na jina la kwenye Biblia juu yake, na kufikia mavuno alikuwa amekaa, amekaa kabisa, mnene, akipiga sufuria kwa mwiko, kichwa kikubwa kama nyanya alivyoahidi. Tulimzunguka tu kumtazama alivyokaa. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha tulivu kama ya miezi ile, sufuria ikigongwa na hakuna anayesema nyamaza.

Mwisho wa mwaka nilifaulu mtihani wa darasa la nne, nikapata nafasi katika shule ya bweni ya wasichana huko magharibi. Sikujisumbua kuomba ruhusa. Mtoto kuwekwa chini mbele ya watu ni jambo moja, na mimi ni jambo lingine. Bado nilikuwa na alama kifundoni. Baba aliulizia jambo hilo mara moja tu, mama akainuka akaenda kuchota maji.

Asubuhi ya mwaka mpya mwinjilisti aliingia kanisani amembeba ndugu yangu begani, kama alivyofanya kila Jumapili, maana alimwita "mwanangu" hadharani. Mama aliposimama watu walianza kutabasamu, wakijua atashukuru kwa ajili ya mtoto. Kweli alishukuru. Kisha hakukaa.

"Na mwaka huu," alisema, "naweka huyu mkubwa. Anaenda shule."

Akafungua mikono. Haikutetemeka. Nilijiona naanza kulia kwa kelele, mimi mwenye mdomo.

Siku ya safari tulitembea hadi stesheni mimi na yeye, sanduku langu la bati likiwa kichwani mwake, vumbi jeupe likipeperuka. Alinishika kifundo njia nzima, na mara hii sikulalamika. Alinipandisha, akanikalisha karibu na msichana mkubwa wa shule hiyo hiyo, akaninyoosha kola. Akashuka. Nilisimama dirishani. Majukwaa yalikuwa yamejaa akina mama wakipunga leso, wakitembea na behewa, wakiita watoto wao. Wangu alisimama chini ya dirisha langu, akanitazama, akafungua mikono yake miwili. Kisha akageuka akaenda.

Hasira yangu ya zamani ilinipanda yote. Wenzangu wanapungiwa, mimi naonyeshwa mgongo! Nilivuta pumzi nimwite, na nilikuwa na sauti, angesikia hata injini ikipuliza. Ndipo nikaona jinsi anavyotembea. Nilikuwa nimeuona mwendo ule mara moja tu, kutoka konani, asubuhi mvua ilipokatika.

Nilijua nikimwita angegeuka.

Nilifunga mdomo nikaushika ukingo wa dirisha kwa mikono yote miwili, na sweta lake la kijani likapita katikati ya watu, likafika langoni, likatoka. Sikumwita.